UZI: Jinsi enzi ya akina Vanderbilt na Rockefeller ilivyopata jina la "Enzi ya Kupakwa Dhahabu"

Shajara (mtoa mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Mnaofuatilia habari za Marekani mtakuwa mmesikia wachambuzi wakiwalinganisha matajiri wa teknolojia wa leo na matajiri wa "Enzi ya Kupakwa Dhahabu". Wanakusudia miaka ya 1870 hadi karibu na 1900, wakati reli, chuma na mafuta vilipowapa watu wachache, kama Vanderbilt wa reli na Rockefeller wa mafuta, utajiri ambao nchi ile haikuwahi kuuona. Humu jukwaani kuna aliyeliandika jina hilo kama "Zama za Dhahabu" na likapita bila kupingwa. Hapo maana imepinduliwa kabisa. Zama za dhahabu ni sifa, na jina hili lilitolewa kama shutuma. Waliolibuni walikuwa wanasema habari ya kitu cha kuchovya: pete unayouziwa kwa bei ya dhahabu, ukishaivaa wiki mbili kidole kinageuka kijani.

Kisa kinaanzia Hartford, Connecticut, mwanzoni mwa 1873. Samuel Clemens, ambaye dunia inamjua kwa jina la Mark Twain, alikuwa akiishi kitongoji cha Nook Farm, na jirani yake alikuwa Charles Dudley Warner, mhariri wa gazeti la hapo mjini. Inasimuliwa kwamba siku moja, familia zote mbili zikiwa mezani, wanaume walianza kuzibeza riwaya walizokuwa wakisoma wake zao. Wake zao wakawaambia: kama kazi ni nyepesi hivyo, andikeni nyinyi iliyo bora. Wakashika kalamu. Twain akaandika sura 11 za mwanzo, Warner akaandika 12 zilizofuata, baada ya hapo wakawa wanapokezana. Desemba 1873 kitabu kikatoka, jina lake The Gilded Age: A Tale of Today, yaani Enzi ya Kupakwa Dhahabu: Hadithi ya Leo. Kiliuzwa na mawakala waliopita nyumba kwa nyumba wakiandikisha wanunuzi.

Jina liko kwenye jalada, lakini waandishi hawakusimama popote ndani ya kitabu kulifafanua. Linajieleza lenyewe kupitia watu wake, na kuna tukio moja katika sura ya 7 ambalo kwangu ndilo fasiri kamili ya jina zima.

Kuna mhusika anaitwa Kanali Sellers, mtu wa maneno matamu na mipango ya mamilioni ambayo haifiki popote. Kijana mmoja, Washington Hawkins, anamtembelea nyumbani siku ya baridi kali. Sebuleni kuna jiko la chuma la kupashia joto, na katika kidirisha chake mwanga mwekundu unaonekana. Kijana anasogea. Anasogea tena. Bado anatetemeka. Mwishowe anagusa mlango wa jiko kwa bahati mbaya, unafunguka, na ndani hakuna moto: kuna mshumaa mmoja tu unaowaka nyuma ya kile kidirisha. Kanali hatahayari hata kidogo. Anaanza kumweleza mgeni, kwa ufasaha wote, kwamba kwa afya ya binadamu jambo la maana ni mwonekano wa joto, joto lenyewe ndilo linaloleta baridi yabisi.

Someni sura hiyo mkiipata. Nchi nzima imewekwa ndani ya jiko moja.

Kijana wa Bandarini

Mkuu Shajara, shukrani kwa uzi. Nauliza: hicho kitabu kinamsema nani hasa? Rockefeller na wenzake wamo? Maana mimi nikisikia enzi hiyo akilini mwangu yanakuja majumba ya kifalme na karamu.

Shajara

Ndugu yangu, umegusa penyewe, na hapa ndipo wengi wanapochanganya.

Hawamo. Kitabu kilitoka 1873. Yale majumba na karamu unazoziona kwenye picha, karibu yote yalikuja baadaye. Twain na Warner hawakuwa wanawaandika mabwanyenye waliokwisha kufika. Walikuwa wanaandika watu waliokuwa na homa ya kutaka kufika: walanguzi wa ardhi, wapiga debe wa reli ambazo hazijajengwa, na wanasiasa wanaokula huku na huku. Jina lilitangulia, vitu vikalifuata.

Na mali ghafi walikuwa nayo tele. Angalieni miezi ya karibu na kuandikwa kwake:

Septemba 1872 gazeti la New York Sun lilianika kashfa ya Crédit Mobilier. Vigogo wa reli ya Union Pacific walikuwa na kampuni yao wenyewe ya ujenzi, wakawa wanajipa tenda na kujilipa kwa bei za kupindukia huku serikali ikisaidia kugharamia reli. Ili Bunge lisiulize maswali, mbunge Oakes Ames aliwagawia wenzake hisa kwa bei ya chee. Makamu wa Rais, Schuyler Colfax, naye akatajwa.

Januari 1873, huko Kansas, mjumbe wa bunge la jimbo alisimama mbele ya wenzake akiwa na dola 7,000 mkononi, akasema amepewa na Seneta Samuel Pomeroy ili amnunulie kura ya kurudi Washington. Pomeroy akaukosa useneta palepale. Fungueni kitabu mwone yanayompata Seneta Dilworthy: karibu ni habari ya gazetini imebadilishwa jina.

Na New York palikuwa na William Tweed, bosi wa chama cha Democratic jijini. Chini yake jengo la mahakama liligharimu zaidi ya dola milioni 12. Linganisheni na Alaska yote, ambayo Marekani iliinunua kutoka Urusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2. Katika hesabu za jengo hilo, mpiga plasta mmoja alilipwa zaidi ya dola 130,000 kwa kazi ya siku 2. Tweed alitiwa hatiani Novemba 1873, mwezi mmoja kabla ya kitabu kutoka.

Katikati ya hayo, tarehe 18 Septemba 1873, benki ya Jay Cooke ikafunga milango. Ilikuwa imejifunga kwenye reli ya Northern Pacific na wanunuzi wa hati zake za mkopo wakaadimika. Soko la hisa la New York lilifungwa siku 10. Mdororo uliofuata ulidumu miaka. Kwa hiyo msomaji wa kwanza wa kitabu hiki alikifungua akiwa tayari ameshaona rangi ikibanduka.

Mama Nuru

Nimeipenda hiyo ya mshumaa. Lakini Shajara, Twain aliyajulia wapi maisha ya watu wa kungoja utajiri usiofika? Si alikuwa mwandishi aliyefanikiwa?

Shajara

Aliyajua nyumbani kwao, dada yangu.

Baba yake, John Marshall Clemens, alinunua ardhi kubwa mno huko Tennessee, inakadiriwa ekari 75,000, nyingi yake milima na misitu. Aliamini itawatajirisha watoto wake. Alifariki 1847 akiwa fukara, na akawaachia imani hiyo: msiiuze ardhi, subirini. Familia ikasubiri miaka na miaka. Twain aliandika baadaye kwa uchungu jinsi matumaini yale yalivyowaharibu, yakawafanya wasishike kazi kwa mikono miwili kwa sababu kesho ni matajiri. Ardhi ya Tennessee ndiyo uti wa mgongo wa riwaya hiyo, na familia ya Hawkins ndani yake imechukua mengi ya familia yake. Kanali Sellers naye alichongwa kutokana na binamu wa mama yake.

Na yeye mwenyewe homa hiyo haikumwacha. Mwaka 1874 alihamia katika nyumba mpya ya vyumba 25 pale Hartford, nyumba ya fahari ambayo miaka michache baadaye ilipambwa ndani na kampuni ya Louis Comfort Tiffany. Akaweka fedha zake katika mashine ya kupanga herufi za chapa iliyobuniwa na James Paige. Mashine ilikuwa na maelfu ya vipuri na ilikuwa ikiharibika kila mara. Inakadiriwa ilimmeza dola 300,000. Kampuni yake ya uchapishaji ikafilisika 1894. Aliyemshika mkono akamsaidia kupanga madeni yake alikuwa Henry Huttleston Rogers, mmoja wa vigogo wa Standard Oil, kampuni ya mafuta ya Rockefeller. Twain akafunga safari ya kuzunguka dunia 1895 na 1896 akitoa hotuba za kulipisha kiingilio, na mwaka 1898 akawa amelipa kila mtu.

Kwa maoni yangu ndiyo maana jina lake lina uzito. Halikutoka kwa mtu aliyesimama nje ya ukuta akirusha mawe. Aliijua tamaa ile kwa mwili wake.

Mwalimu wa Zamu

Mtoa mada, endelea na hayo majumba sasa. Wanafunzi wangu hupenda sana hapo.

Shajara

Mwalimu, twende.

Cornelius Vanderbilt, mwanzilishi wa ule ukoo, alifariki 1877 akiacha takriban dola milioni 100. Mwanawe William Henry akazifikisha karibu milioni 200 kabla hajafa 1885, ndani ya miaka 8. Kizazi cha tatu ndicho kilichojua kutumia.

Tarehe 26 Machi 1883, Alva Vanderbilt, mke wa mmoja wa wajukuu, alifanya karamu ya mavazi ya kuigiza katika jumba lake jipya la Fifth Avenue, New York. Walialikwa watu wapatao 1,200. Lengo lilikuwa wazi: kuwalazimisha matajiri wa zamani, hasa Caroline Astor aliyekuwa mlinzi wa lango la jamii ya juu, wawatambue akina Vanderbilt. Bi Astor akaja. Shemeji yake Alva, Alice, alivaa gauni lililoshonwa na Worth wa Paris, akiwa amejigeuza "Taa ya Umeme": hariri ya rangi ya dhahabu yenye nyuzi za fedha, na mkononi mwenge uliowaka kwa betri. Kumbukeni kwamba kituo cha kwanza cha umeme cha Edison pale Pearl Street kilikuwa na miezi 6 tu tangu kiwashwe. Mji wenyewe ulikuwa bado unatumia gesi na mafuta ya taa, naye umeme kaubeba mkononi. Gauni lile bado lipo katika makumbusho ya jiji la New York.

Kisha Newport, Rhode Island, kando ya bahari. Huko walijenga majumba waliyoyaita "vibanda" vya kiangazi. Marble House ya Alva ilikamilika 1892, inasemwa iligharimu dola milioni 11, na milioni 7 kati yake ni marumaru peke yake. Ndani kuna ukumbi ambao kuta zake zimechongwa na kufunikwa kwa karatasi za dhahabu kutoka chini hadi darini. Jina la kitabu cha 1873 likawa ukuta wa kweli ndani ya miaka 19. The Breakers ya Cornelius wa pili, mume wa Alice, ikafuata 1895, vyumba 70. Majumba haya yalikaliwa wiki chache tu za kiangazi.

Upande wa pili wa New York, Jacob Riis, mwandishi wa habari mhamiaji kutoka Denmark, alikuwa akiingia usiku katika nyumba za kupanga za Lower East Side na kamera na unga wa kumulika. Mwaka 1890 akachapisha picha za watu waliobanana chumba kimoja kisicho na dirisha. Na Julai 1892, mwaka uleule wa Marble House, wafanyakazi wa kiwanda cha chuma cha Carnegie pale Homestead, Pennsylvania, walipigana kwa risasi na walinzi 300 wa kampuni ya Pinkerton walioletwa kuvunja mgomo wao. Watu wakafa pande zote mbili. Chama cha wafanyakazi kikavunjwa, na zamu za saa 12 zikawa jambo la kawaida.

Februari 1897, nchi ikiwa katikati ya mdororo mwingine, familia ya Bradley-Martin ilifanya karamu katika hoteli ya Waldorf, New York, ukumbi ukapambwa mfano wa jumba la wafalme wa Ufaransa. Magazeti na makanisa yakawashambulia kiasi kwamba wenye karamu walihamia Uingereza.

Mpwa wa Unguja

Assalaam alaykum. Mimi nauliza la kwetu. Wamarekani walikuwa wateja wakubwa wa Unguja miaka hiyo, merikani zilizovaliwa na bibi zetu zilitoka kwao. Je, huo utajiri una mkono wetu ndani yake?

Shajara

Waalaykum salaam mpwa. Upo, na uko karibu na Twain kuliko unavyodhani.

Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini 1833, na konseli wao wa kwanza akafika Unguja 1837. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta nguo za pamba na kuondoka na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Pembe nyingi ziliishia katika vijiji viwili vya Connecticut, jimbo alimoishi Twain: Deep River, ambako kulikuwa na kiwanda cha Pratt, Read, na Ivoryton, penye kiwanda cha Comstock, Cheney. Deep River iko kando ya mto Connecticut, mto uleule unaopita Hartford. Jina lenyewe la Ivoryton linatokana na pembe.

Walitengeneza nini? Awali vitana, kisha vibao vya piano. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, familia ya tabaka la kati iliyotaka kuonekana imefika ilinunua piano ikaiweka sebuleni mgeni aione. Piano moja ina vibao vyeupe 52. Usidhani kila kibao kilikuwa pembe tupu. Kilikuwa mbao, juu yake kumebandikwa kipande chembamba cha pembe. Vipande hivyo vilipangwa kwanza kwenye nyumba za vioo, vikakaa juani wiki kadhaa hadi weupe ukakolea.

Sasa rudi nyuma ufuate pembe hiyo: kutoka Manyema na ng'ambo ya ziwa Tanganyika, Ujiji, Tabora, hadi Bagamoyo, kwenye mabega ya wapagazi, wengine Wanyamwezi wa kulipwa, wengine watumwa. Mwaka 1873, Twain na Warner wakiandika, Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alikuwa bara akikusanya pembe, na Sayyid Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja mwezi Juni. Watu wa Connecticut waliogusa vibao vile hawakuona hata sehemu moja ya njia hiyo. Ukiniuliza mimi, chini ya mng'ao ule kulikuwa na mabega ya watu wetu, na vitabu vingi vya enzi hii hupita hapo bila kusimama.

Twain mwenyewe alikuja kusema kuhusu Afrika ya Kati mwishoni mwa maisha yake. Mwaka 1905 alichapisha kijitabu kikali dhidi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji na maovu ya Kongo, na mapato yake yakaenda kwa waliokuwa wakipigania marekebisho huko.

Mpwa wa Unguja

Allah akulipe. Hili nitawasimulia na wazee.

Kijana wa Bandarini

Swali la mwisho kutoka kwangu mkuu. Kama kitabu kilikuwa cha walanguzi na rushwa tu, nani alilibeba jina akalibandika kwa kipindi chote? Watu wa wakati ule walijiita hivyo?

Shajara

Hawakujiita hivyo, ndugu. Wakati ule kilichoshika midomoni mwa watu kilikuwa Kanali Sellers. Mwaka 1874 riwaya iligeuzwa mchezo wa jukwaani New York, mwigizaji John T. Raymond akacheza Sellers, na kauli yake ya kwamba kuna mamilioni humo ikawa usemi wa mtaani. Jina la kitabu likabaki jina la kitabu.

Waliolifanya kuwa jina la enzi ni kizazi cha miaka ya 1920. Wahakiki na wanahistoria kama Van Wyck Brooks, Lewis Mumford, na Charles na Mary Beard walikuwa wakiipima Marekani ya babu zao. Walitaka neno la kubeba rushwa ya siasa, utajiri wa ghafla na ladha ya kujionyesha kwa pamoja, wakalikuta kwa Twain liko tayari. Vernon Parrington alileta sitiari yake pia: aliiona enzi ile kama karamu kubwa ya nyama choma, mali ya umma ikiwa ndiyo nyama, na si kila mtu alialikwa. Ni picha nzuri sana lakini haikushinda. Jina la "mabaroni waporaji" kwa akina Rockefeller nalo lilienea zaidi baada ya kitabu cha Matthew Josephson cha 1934, wakati wa mdororo mkubwa, watu wakiwa na hasira.

Angalieni na Ufaransa. Miaka karibu ileile wao wanaiita Belle Époque, enzi nzuri. Jina hilo nalo lilikuja nyuma, baada ya vita vya 1914 hadi 1918, watu wakiwa wamezika vijana wao na wanatamani yaliyopita. Paris nayo ilikuwa na makabwela wake na kashfa zake. Wafaransa waliangalia nyuma kwa majonzi, Wamarekani wakaangalia nyuma kwa hukumu.

Mwalimu wa Zamu

Na mwisho wake tuandike mwaka gani kwenye ubao?

Shajara

Mwalimu, andika "karibu na 1900" utakuwa salama. Wengi husimama 1901, mwaka Carnegie alipomuuzia J. P. Morgan, mwenye benki, kampuni yake ya chuma kwa dola milioni 480 na Theodore Roosevelt akaingia Ikulu baada ya Rais McKinley kuuawa. Sheria ya kudhibiti ukiritimba ilikuwapo tangu 1890 lakini ilikuwa imelala, Roosevelt ndiye aliyeanza kuitumia kwa nguvu. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaivunja Standard Oil vipande 34, na 1913 kodi ya mapato ikaingizwa kwenye katiba. Kipindi hicho kinaitwa Enzi ya Maendeleo, na wengi wa watu wake walijiita wenyewe wapenda maendeleo wakiwa hai. Nitalifungulia uzi wake.